Vitamini na Mgonjwa Aliye Mahututi

Wazazi wengi wa Garissa, Wajir na Mandera wamekwisha kukiona kile kidonge laini, cha rangi ya samawati au nyekundu, ambacho muuguzi hukikata ncha kwa mkasi na kumdondoshea mtoto mafuta yaliyomo. Mafuta hayo yana vitamini A. Mtoto mzima hupewa mara moja katika kila miezi sita, tangu atimizapo miezi sita mpaka akaribiapo miaka mitano, ili kumkinga. Lakini mtoto aliyeletwa hospitali akiwa mahututi kwa surua hupewa leo, na kesho hupewa tena, na hapo si kinga bali ni dawa.

Jambo hilo huwashangaza watu. Kama mtoto anatweta, macho yamevimba na hawezi kunyonya, matone machache ya mafuta yatamfaa nini? Na wako waulizao kinyume chake: kama vitamini ni kitu chema, mbona mgonjwa aliye katika kitanda cha pili, naye ni mahututi ila hana surua, hapewi? Maswali hayo yote mawili ni ya haki. Majibu yake hayakupatikana kwa kufikiri tu. Yalipatikana kwa kupima, na baadhi ya majaribio yenyewe yalifanywa hapa hapa Afrika ya Mashariki.

Vitamini ni nini

Vitamini si chakula cha kushibisha, wala si dawa ya kuua vijidudu. Ni vitu vilivyomo ndani ya vyakula, kwa kiasi kidogo mno, ambavyo mwili hauwezi kufanya kazi yake bila hivyo. Vitamini A hulinda ngozi laini iliyotandazwa ndani ya macho, koo, mapafu na matumbo. Ikipungua, mtu kwanza haoni vizuri wakati wa magharibi. Ikizidi kupungua, macho hukauka na mwisho kioo cha jicho huharibika, naye huwa kipofu. Vitamini C hushikamanisha nyama za mwili; aikosaye kwa muda wa miezi miwili au mitatu hushikwa na kiseyeye, fizi zikavimba na kutoka damu na viungo vikauma hata asiweze kutembea.

Mfugaji wa Kaskazini Mashariki hahitaji kufundishwa ya kuwa maziwa ni uhai. Katika maziwa na samli mna vitamini A, na katika ini la mnyama imo nyingi zaidi. Maziwa ya ngamia yana vitamini C kupita maziwa ya ng'ombe, karibu mara tatu, na hiyo ni sababu moja ya watu kuweza kuishi miezi mingi malishoni bila kuonja tunda. Lakini vitamini A ya maziwa hutoka katika majani mabichi. Mvua zikikosekana, majani hukauka. Majani yakikauka, maziwa hupungua na mwishowe hukatika. Hapo mtoto huanza kuishi kwa uji wa mahindi mweupe na chai ya rangi. Tumbo laweza kujaa na huku vitamini haimo. Kando ya Mto Tana watu hupanda maembe, mapapai na ndizi, lakini mwenye mifugo iliyokufa kwa ukame, aliye mbali na mto, atayanunua kwa nini?

Ini huweka akiba ya vitamini A, kama mtu awekavyo maji katika birika. Surua, ambayo Wasomali huiita jadeeco, huitumia akiba hiyo upesi sana. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo huishiwa kabisa katika siku chache, na wakati ule ule ugonjwa unachubua koo lake, mapafu yake na matumbo yake, yaani mahali pale pale panapolindwa na vitamini hiyo. Ndiyo maana watoto wengi wenye surua hawafi kwa vipele. Hufa kwa homa ya mapafu na kuhara, na baadhi ya wanaopona hubaki vipofu.

Mwaka wa 2011 haya yalionekana waziwazi katika wilaya za mpakani. Ukame mkubwa na njaa viliwatoa watu Somalia kwa maelfu, wakaja kwa miguu mpaka Dadaab, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambazo zilifunguliwa katika miaka ya 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000, zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Surua ilizuka. Zaidi ya watu elfu moja waliugua, na ajabu ni kwamba wengi wao walikuwa watu wazima na vijana, kwa sababu walikuwa wamekua katika nchi iliyokuwa haina chanjo kwa miaka mingi. Waganga wa kambi walichanja watu, na waliokwisha kuugua wakawapa vitamini A. Hawakubahatisha. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa miaka mingi kabla ya siku hizo.

Dawa hupimwaje

Mfugaji aliye na mbuzi 40 walioshikwa na homa ya mapafu, naye ameletewa dawa mpya kutoka sokoni, atajuaje kama inafaa? Akiwapa mbuzi wote na 30 wakapona, hajajua lolote, maana huenda hao 30 wangalipona bila ya dawa. Akiwapa wale wenye nguvu na kuwaacha walio dhoofu, dawa itapata sifa kwa kazi iliyofanywa na nguvu za mbuzi wenyewe. Akimwachia mwanawe achague, kijana atampa dawa mbuzi ampendaye. Njia ya haki ni kupiga kura: mbuzi 20 wapewe, 20 wasipewe, na kura ndiyo ichague. Tena yafaa yule atakayehesabu waliopona asijue ni wapi waliopewa, asije akaona kile anachotamani kukiona.

Waganga hufanya vivyo hivyo kwa watu, ila kwa uangalifu mkubwa zaidi. Makundi yote mawili hupewa matibabu yote ya kawaida, na tofauti yao ni kile kitu kimoja tu kinachopimwa. Mara nyingi kundi la pili hupewa kidonge kinachofanana na cha kwanza lakini kisicho na dawa ndani, ili mgonjwa na mganga wote wawili wasijue nani amepata nini mpaka hesabu ifunguliwe.

Kazi hii ilianza zamani. Mwaka wa 1747 mganga wa manowari ya Uingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye. Aliwagawanya wawili wawili. Wawili aliwapa siki, wawili maji ya bahari (na bila shaka hao hawakumshukuru), wengine vitu vingine, na wawili machungwa na malimau. Wale wa machungwa na malimau waliinuka kwa siku sita, na mmoja wao akarudi kazini. Hata hivyo ilipita karibu miaka 50, mpaka mwaka wa 1795, ndipo wakuu wa manowari walipoamuru maji ya malimau yatolewe kwa mabaharia wote.

Usahaulifu wa namna hiyo ulitokea tena katika habari ya surua. Mwaka wa 1932 Dakta Ellison wa London alitoa habari za watoto 600 wenye surua. Nusu walipewa mafuta yenye vitamini A, na nusu hawakupewa. Katika kila watoto 100 waliopewa walikufa wasiotimia 4. Katika kila 100 wasiopewa walikufa karibu 9. Ulaya wakati ule ilikuwa ikizidi kupata chakula bora na watoto wachache walikufa kwa surua, basi habari ile ikawekwa kabatini. Ilikaa humo miaka 50, ilhali surua ilikuwa ikiua watoto wengi Afrika.

Mvumi

Mahali palipoiamsha habari hiyo ni Mvumi, hospitali ya misheni katika nchi kavu ya Dodoma, Tanzania. Dodoma si Garissa, lakini mtu wa Garissa akifika huko hataona ugeni katika vumbi wala katika miti ya miiba. Watoto wa surua walikuwa wakiletwa wakiwa mahututi, na wengine walikuwa wakipofuka wodini. Dakta Barclay na Dakta Foster walishirikiana na Dakta Alfred Sommer, Mmarekani aliyekuwa amekwisha kuonyesha huko Indonesia ya kuwa watoto wasioona usiku kwa kukosa vitamini A hufa zaidi kuliko wenzao.

Walichukua watoto 180 waliolazwa kwa surua. Walipopima damu, waliona ya kuwa watoto 91 katika kila 100 walikuwa na vitamini A ndogo kuliko ipasavyo. Kisha kura ikawagawanya. Watoto 88 walipewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kulazwa na siku iliyofuata, pamoja na matibabu ya kawaida. Watoto 92 walipewa matibabu ya kawaida peke yake. Katika kundi la kwanza walikufa watoto 6. Katika kundi la pili walikufa 12. Katika wale waliokuwa hawajatimiza miaka miwili, alikufa mmoja kati ya waliopewa, na 7 kati ya wasiopewa.

Habari hizo zilipigwa chapa mwaka wa 1987. Msomaji ataona ya kuwa vifo vilipungua kwa nusu, lakini yafaa aone pia jinsi watafiti wale walivyokuwa waaminifu. Walisema wazi ya kuwa watoto 180 si wengi, na ya kuwa tofauti ya 6 na 12 yaweza kutokea kwa bahati tu, kama vile mtu arushapo sarafu mara chache akapata upande mmoja mara nyingi kuliko upande wa pili. Mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri ya kuwa katika nchi zenye upungufu wa vitamini A, watoto wenye surua wapewe. Mwaka wa 1990 Dakta Hussey na Dakta Klein wa Cape Town wakatoa jaribio jingine la watoto 189, nao walitumia kidonge kisicho na dawa kwa kundi la pili. Watoto 12 walikufa. 10 kati yao walikuwa wale wasiopata vitamini. Waliopata walipona homa ya mapafu kwa siku 6 hivi, na wenzao kwa siku 12. Hapo shaka ikapungua sana.

Baadaye majaribio ya namna hii yalipokusanywa na kuhesabiwa pamoja, lilionekana jambo ambalo kila mzazi na kila muuguzi apaswa kulijua. Kipimo kimoja peke yake hakikuonekana kupunguza vifo. Vipimo viwili, siku mbili mfululizo, ndivyo vilivyopunguza, hasa kwa watoto walio chini ya miaka miwili. Basi mama anayemwondoa mtoto hospitali baada ya siku moja kwa sababu amepewa kidonge tayari, ameondoka kabla ya dawa kutimia.

Kinachofaa hapa hakifai pale

Baada ya mafanikio hayo ilikuwa rahisi kudhani ya kuwa vitamini A itamfaa kila mtoto aliye mahututi. Katika Dar es Salaam, tangu mwaka wa 1993, Dakta Fawzi na wenzake walipima watoto 687 waliolazwa kwa homa ya mapafu isiyotokana na surua. Vitamini A haikuwafanya wapone upesi zaidi wodini. Kama wangeishia hapo, wangesema haina kazi. Lakini waliendelea kuwafuata watoto wale majumbani mwao, na kila baada ya miezi minne walipewa tena; ndipo ilipoonekana ya kuwa vifo katika kundi lililopewa vilikuwa karibu nusu ya vifo vya kundi la pili. Dawa isiyoonekana kazi yake kitandani ilikuwa ikifanya kazi baada ya mgonjwa kurudi kwao.

Huko Kivu, mashariki ya Kongo, watoto waliolazwa kwa utapiamlo walipimwa kwa njia nyingine: wengine walipewa kipimo kikubwa mara moja, wengine kipimo kidogo kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Kipimo kidogo cha kila siku ndicho kilichowapunguzia kuhara kukali, si kile kikubwa. Hili lahusu Garissa sana, kwa sababu kila ukame hujaza wodi kwa watoto waliokonda kupita kiasi. Maziwa ya dawa na ile siagi ya karanga wanayopewa watoto hao imekwisha kutiwa vitamini A ya kutosha kila siku. Kwa hiyo tangu mwaka wa 2013 Shirika la Afya Duniani limeagiza ya kuwa mtoto wa utapiamlo anayekula vyakula hivyo hahitaji kipimo kikubwa, isipokuwa macho yake yana dalili za upungufu au ameugua surua karibuni. Muuguzi asiyempa mtoto kama huyo kidonge chekundu hamnyimi haki yake.

Kwa watu wazima habari ni kali zaidi. Mwaka wa 2017 mganga mmoja wa Marekani alitangaza ya kuwa wagonjwa 47 wenye sumu ya vijidudu katika damu, waliopewa vitamini C nyingi kwa mshipa pamoja na vitamini B1 na dawa nyingine, walikufa 4 tu, ilhali kati ya 47 waliotangulia kabla hajaanza dawa hiyo walikuwa wamekufa 19. Dunia ilistaajabu. Lakini hapakuwa na kura. Alilinganisha wagonjwa wa mwaka huu na wa mwaka jana, kama mfugaji alinganishaye mbuzi wa masika na mbuzi wa kiangazi. Jaribio la kura la Australia, New Zealand na Brazil, lililotolewa mwaka wa 2020, halikuona faida. Na mwaka wa 2022 lilitolewa jaribio jingine, la wagonjwa 872, la vitamini C peke yake. Katika kila 100 waliopewa vitamini C, karibu 45 walikufa au waliendelea kuwa na viungo vya ndani vilivyoshindwa kazi; katika kila 100 wasiopewa walikuwa karibu 39. Kitu kinachouzwa kila duka la dawa, ambacho watu wengi huamini hakiwezi kumdhuru mtu, kilikuwa hakikuwasaidia wagonjwa mahututi, na huenda kiliwadhuru.

Waswahili wa Pemba wana habari yao pia. Watoto zaidi ya 24,000 waliingizwa katika jaribio, na baadhi yao walipewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ambayo ni moja ya vitamini. Watoto hao hawakuwa wagonjwa mahututi. Lakini Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na hesabu zilipotazamwa katikati ya kazi zilionyesha ya kuwa waliopewa walilazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wenzao, kwa sehemu 12 katika 100. Mwezi wa Agosti 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mara moja.

Idhini ya mzazi

Kusimamishwa huko kwaonyesha ulinzi uliopo. Jaribio lolote la haki huwa na watu wa pembeni, wasio watafiti wenyewe, ambao kazi yao ni kufungua hesabu mapema na kusema "acheni" ikiwa upande mmoja unadhurika, au ikiwa upande mmoja umefaidika wazi hata kuwa dhuluma kuwanyima wengine. Kabla ya kazi kuanza, sharti kamati ya maadili iipitishe. Na mgonjwa, au mzazi wake, sharti aelezwe kwa lugha anayoielewa. Katika Garissa mara nyingi hiyo ni Kisomali, na haitoshi kumwonyesha karatasi ya Kiingereza na wino wa kidole gumba. Asiyejua kusoma ana haki ya kuwa na shahidi wake mwenyewe. Akikataa, matibabu ya kawaida hayapunguzwi hata kidogo, na akikubali leo aweza kujitoa kesho.

Wapo wazazi wasemao, "Mwanangu asipewe kidonge kitupu." Neno hilo lina uchungu wake, na halipasi kuchekwa. Lakini mzazi wa Pemba aliyempata mwanawe upande usio na chuma hakujua ya kuwa kura ilimwangukia vema, na wale wagonjwa wa mwaka wa 2022 waliokosa vitamini C hawakupata hasara. Kabla ya kupima, hakuna ajuaye ni upande upi ulio bora. Kama ingalijulikana, kupiga kura kungalikuwa kosa, nayo kamati isingalikubali. Ndiyo sababu leo hakuna mganga wa haki awezaye kumnyima mtoto wa surua vitamini A kwa ajili ya majaribio. Jambo hilo limekwisha kujulikana.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Mtoto mwenye surua aliye chini ya miezi sita hupewa yuniti 50,000. Wa miezi sita mpaka 11 hupewa 100,000. Wa mwaka mmoja na zaidi hupewa 200,000. Na kila mmoja hupewa tena siku ya pili. Akiwa na dalili katika macho, hupewa mara ya tatu baada ya wiki nne mpaka sita. Hupewa na muuguzi, si jirani. Vitamini A ikizidi hukaa katika ini wala haitoki upesi, nayo huleta kutapika, maumivu ya kichwa na kuvimba utosi wa mtoto mchanga. Na mama mwenye mimba hapaswi kabisa kumeza vidonge hivyo vya kipimo kikubwa, maana vyaweza kumharibu mtoto tumboni. Vidonge hivi havimwondolei mtoto haja ya sindano ya surua, ambayo katika Kenya hutolewa akiwa na miezi tisa na tena akiwa na mwaka mmoja na nusu.

Mama anayempeleka mtoto mgonjwa hospitali, iwe mjini Garissa au katika zahanati ya mbali, achukue kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mna ukurasa wa vitamini A, na muuguzi atatazama humo tarehe ya kidonge cha mwisho kabla ya kufungua kingine.